Kompyuta Nzito: Jinsi ya Kujua Kama Ni RAM, na Namna ya Kuipunguzia Mzigo

Kompyuta ikianza kusuasua, wengi hukimbilia kufuta picha na nyimbo, au kupakua programu inayoahidi kusafisha RAM kwa kubofya mara moja. Kufuta picha hakugusi RAM hata kidogo, na programu ya kusafisha mara nyingi huongeza uzito uleule inaodai kuuondoa. RAM ni mahali zinapokaa programu zilizofunguliwa wakati zinafanya kazi; umeme ukikatika, kila kilichokuwamo hupotea. Diski ndiko mafaili yanakohifadhiwa. Diski yaweza kuwa na GB 300 tupu huku RAM ya GB 4 imejazwa na kivinjari na Excel tu.

Uzito una vyanzo vitatu vikubwa: RAM imejaa, diski ni ya polepole au inakufa, au prosesa (CPU, inayotekeleza kazi zote za kompyuta) imebanwa isiende kasi yake. Kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini vyote vinafanana. Mshale unaganda, dirisha linageuka jeupe, herufi zinachelewa kutokea. Dawa zake ndizo hazifanani, na ndiyo maana watu hununua RAM kisha wakashangaa kuona hali ni ileile.

Maelezo haya yanahusu Windows 10 na 11, hasa zile laptopu zilizotumika zenye RAM ya GB 4 au 8 na diski ya kuzunguka, ambazo zimejaa kwenye steshenari, ofisi ndogo na hosteli za wanafunzi. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Pima kabla ya kugusa chochote

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikija ndogo, bofya More details. Fanya hivi wakati kompyuta imekwama, si ikiwa imetulia, kwa sababu unataka kuuona ugonjwa wenyewe. Kwenye Processes, tazama asilimia zilizo juu ya safu za CPU, Memory na Disk.

Memory ikiwa juu ya asilimia 85 na Disk nayo ikicheza karibu na 100, RAM imejaa na Windows inahamisha vitu kwenda diski na kurudi. Disk ikiwa 100 lakini Memory iko 50 au 60, tatizo ni diski au kitu kinachoisoma bila kupumzika. CPU ikikaa 90 hadi 100, tafuta programu inayoila. Zote tatu zikiwa chini na bado kompyuta inakwama, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya prosesa iliyobanwa.

Kisha bofya Performance, halafu Memory. Hapa kuna namba nne zinazofaa. In use ni RAM inayotumika kweli. Available ni ile inayoweza kutolewa mara moja kwa programu itakayoihitaji. Cached ni RAM ambamo Windows imeweka mafaili uliyotumia karibuni. Hiyo hutolewa papo hapo ikihitajika, kwa hiyo isikutishe hata ikiwa kubwa. Committed huandikwa kwa namba mbili, mfano 7.1/8.9 GB: ya kwanza ni jumla ya nafasi ambayo programu zimeahidiwa, ya pili ni mwisho wa uwezo wa RAM ukijumlisha na faili la pagefile.sys lililoko kwenye diski, ambalo Windows hulitumia kama akiba ya RAM. Namba ya kwanza ikiikaribia ya pili, programu zitaanza kufungwa zenyewe.

Kuthibitisha kwamba RAM ndiyo mkosaji, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, kisha Enter. Kwenye Memory kuna mchoro wa Hard Faults/sec. Kila alama hapo ni mara moja programu ilipotafuta kitu kwenye RAM ikakikosa, ikalazimika kukifuata diskini. Mchoro kupanda sekunde chache unapofungua programu ni kawaida. Ukibaki juu kwa mamia mfululizo wakati unaandika barua tu, RAM haitoshi kwa kazi unayoifanya.

Ukubwa wa adhabu hiyo unategemea diski. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika huchukua milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na kabla ya hapo kichwa chake lazima kisogee mahali husika. Kwa data iliyotawanyika, diski ya aina hiyo humudu maombi mia moja hivi kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa RAM ni KB 4. Hata kama Windows huvuta kurasa kwa mafungu, kurudisha MB 200 za kivinjari kilichosukumwa diskini kunaweza kukufanya ungoje nusu dakika bila mshale kusogea. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, humudu maombi maelfu mengi kwa sekunde, ndiyo maana kompyuta yenye SSD huvumilia RAM ndogo bila kelele.

Nzito tangu inapowashwa, kabla hujafungua kitu

Washa upya, subiri dakika tano bila kugusa chochote, kisha tazama Memory. Windows 10 kwenye RAM ya GB 4 kwa kawaida hutulia kati ya GB 1.5 na 2.2. Windows 11 huanzia juu zaidi, mara nyingi karibu GB 2.5 au 3, na GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakubali kwa mfumo huo. Ukiona umepita hapo, kuna wageni wanaoingia na mfumo.

Ndani ya Task Manager fungua Startup. Kwenye Windows 11 inaitwa Startup apps. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kila usichokihitaji asubuhi, kisha Disable. Hii haifuti programu, inaizuia tu kujifungua yenyewe. Wa kawaida ni Spotify, Teams, Steam, visasisho vya Adobe, na OneDrive kama huitumii. Acha vinavyohusu sauti kama Realtek, vya kipanya cha mguso kama Synaptics au ELAN, na Windows Security. Ukizima cha kipanya cha mguso unaweza kukosa kusogeza ukurasa kwa vidole viwili, kisha ukamtafuta fundi bure.

Vivinjari navyo hubaki hai baada ya kufungwa. Kwenye Chrome ingia Settings, System, uzime Continue running background apps when Google Chrome is closed. Edge ina Startup boost, ambayo hujipakia kwenye RAM kompyuta inapowaka hata kama huitumii. Izime kwenye Settings, System and performance. Kwa mwenye GB 4 hizi mbili zina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu kingavirusi: Windows inayo yake tayari, ambayo kwenye Task Manager huonekana kama Antimalware Service Executable. Ukisakinisha nyingine ya kulipia, ya Windows hujiweka kando. Ukisakinisha mbili za nje, zitagombania kila faili linalofunguliwa. Baki na moja tu. Na kama Windows au Office imewezeshwa kwa kraki ya mtandaoni, ichunguze kompyuta kwa makini. Vifaa hivyo humtaka mtumiaji azime kinga kabla ya kuvisakinisha, na ndiyo njia rahisi ya kuingiza programu ya kuchimba sarafu za kidijitali inayofanya kazi usiku na mchana.

Inakufa ukifungua vichupo vingi

Hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote vya RAM kujaa. Chrome, Edge na kivinjari chochote kilichojengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, hutenga takriban kila tovuti katika mchakato wake, ili tovuti moja ikianguka au ikiwa na hila isiguse nyingine. Usalama huo hulipwa kwa RAM. Ukurasa wa maandishi matupu unaweza kula MB 50, ukurasa wa habari wenye matangazo na video ukala MB 300, na barua pepe au jedwali la mtandaoni likazidi hapo.

Usikisie. Ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc: litafunguka dirisha la kazi za kivinjari chenyewe, likionyesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kwa jina. Bofya Memory footprint kupanga kuanzia kikubwa. Mara nyingi utashangaa kuona kiendelezi ulichokiweka muda mrefu uliopita, labda cha kupakua video au cha punguzo la bei, kinakula kuliko kazi yenyewe. Chagua, End process, kisha ukakiondoe kabisa kwenye ukurasa wa viendelezi. Kwenye Firefox, andika about:processes kwenye sehemu ya anwani upate orodha kama hiyo.

Halafu washa Memory Saver: Settings, Performance. Edge ina kitu cha kufanana nacho, sleeping tabs, kinacholaza vichupo. Kwenye Chrome, kichupo usichokigusa kwa muda hutolewa kwenye RAM, na ukikirudia hupakiwa upya kutoka mtandaoni. Hapo pana tahadhari ya kweli kwa anayejaza fomu ndefu, iwe ni maombi ya mkopo wa wanafunzi wa HESLB Tanzania au ritani ya kodi kwenye iTax ya KRA Kenya: kichupo kikipakiwa upya, ulichokuwa hujakihifadhi kinaweza kupotea. Ingiza tovuti hizo kwenye Always keep these sites active kabla ya kuanza. Pia kila upakiaji upya unakula bando; kama unatumia intaneti ya simu, weka kiwango cha Balanced badala ya Maximum.

Kwa steshenari yenye GB 4 tunashauri utaratibu mmoja: mteja akimaliza, funga dirisha zima la kivinjari, si kichupo chake tu. Fanya hivyo kwa ajili ya RAM, na pia ili akaunti yake isibaki wazi kwa mteja anayefuata.

Jambo jingine halionekani kirahisi. WhatsApp ya mezani, Teams na programu nyingi mpya ni kivinjari kilichovaa nguo nyingine. Kwenye Processes utaona Microsoft Edge WebView2 chini yake. Mtu aliyefungua WhatsApp, Teams na Chrome ana vivinjari vitatu vinavyotembea pamoja. Kwenye GB 4 ni bora kufungua WhatsApp kama kichupo ndani ya kivinjari ambacho tayari kiko wazi.

Asubuhi nyepesi, jioni nzito, na kuizima usiku hakusaidii

Dalili hii ni ya kuvuja kwa RAM: programu inaomba nafasi, inamaliza kazi, lakini hairudishi. Baada ya saa kadhaa imekalia GB nzima. Ili kuikamata, panga Processes kwa Memory asubuhi na uandike tano za juu pamoja na namba zake. Rudia baada ya saa tatu ukiwa na kazi zilezile. Iliyopanda bila kushuka ndiyo hiyo. Ifunge, uifungue tena, na utafute toleo jipya lake. Programu za hesabu, za kudhibiti printa na za kuhariri video ni washukiwa wa kuanza nao.

Wengine husema wanaizima kompyuta kila usiku na bado inaamka nzito. Wanasema kweli, na sababu ni Fast Startup. Tangu Windows 8, ukibofya Shut down mfumo hufunga programu zako lakini kiini chake, pamoja na draiva (programu zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi na printa), hunakiliwa diskini na kurudishwa vilevile asubuhi. Draiva iliyokuwa imevuja jana huamka na uvujaji wake. Thibitisha kwenye Performance, CPU, mahali palipoandikwa Up time: ukikuta siku 9 wakati unaizima kila jioni, umepata jibu. Restart ndiyo inayosafisha kila kitu. Ukitaka kuzima kikamilifu mara moja, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shutdown /s /t 0, kisha Enter. Hifadhi kazi zako kwanza.

Kuna hali ngumu zaidi: ukijumlisha programu zote kwenye orodha unapata GB 2, lakini In use inasema 3.6. Kitu kimejificha. Tazama Non-paged pool kwenye ukurasa wa Memory. Hiyo ni RAM ya draiva isiyoweza kuhamishiwa diskini, na kwa kompyuta ya kawaida huwa mamia machache ya MB. Ikizidi GB 1 na kuendelea kupanda, draiva inavuja, na mara nyingi ni ya mtandao, ya VPN au ya kingavirusi. Ondoa VPN usiyoitumia, kisha pakua draiva ya Wi-Fi kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa jina kamili la modeli. Usichukue kwenye tovuti za kukusanya draiva. RAMMap, ambayo ni programu ya bure ya Microsoft, huonyesha kila MB imekaa kwenye kundi gani, na ndicho kifaa cha kutumia hapa.

Ujumbe wa kwamba RAM imeisha

Windows ikisema Your computer is low on memory, au Chrome ikifunga ukurasa kwa Out of Memory, kwa kawaida maana yake Committed imegonga mwisho. Mara nyingi kosa liko diskini: sehemu ya C imejaa, kwa hiyo pagefile.sys haiwezi kukua. Hapa ndipo mahali pekee ambapo kufuta mafaili husaidia RAM.

Acha angalau GB 10 hadi 15 wazi kwenye C. Ingia Settings, System, Storage, Temporary files. Soma orodha kabla ya kubofya: Downloads imo humo, na ukiiwekea tiki unafuta kila ulichowahi kupakua. Previous Windows installations inaweza kukurudishia zaidi ya GB 10, ila baada ya hapo huwezi kurudi kwenye toleo la zamani. Kama bado haitoshi, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike powercfg /h off. Hiyo hufuta hiberfil.sys, faili la kulaza kompyuta (hibernate), ambalo kwa kawaida ni karibu asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Fast Startup nayo itaondoka, na kwenye diski ya kuzunguka uwashaji utachelewa kidogo.

Kisha hakikisha hakuna aliyezima pagefile.sys. Kitufe cha Windows na R, sysdm.cpl, Advanced, Settings iliyo chini ya Performance, Advanced tena, Change. Weka tiki kwenye Automatically manage paging file size for all drives. Ushauri wa kulizima ili kuharakisha kompyuta umesambaa sana, nao ni mbaya: unaondoa akiba, na programu zinaanza kuanguka wakati RAM bado inaonekana ina nafasi. Ukilazimika kuweka mwenyewe kwa RAM ya GB 4, andika 4096 kwenye Initial na 8192 kwenye Maximum, bofya Set, OK, kisha washa upya.

Kwa nini programu za kusafisha RAM hudhuru

Programu hizo haziondoi kitu. Huiamuru Windows ivue RAM kutoka kwa kila programu iliyo wazi, na kurasa zilizokuwa zikitumika husukumwa kuelekea diskini. Namba inashuka kutoka 82 hadi 45, unafurahi; sekunde chache baadaye unarudi kwenye Excel, na kila kilichosukumwa kinavutwa tena kimoja kimoja. Ni sawa na mpishi anayerudisha viungo dukani kila baada ya chungu kimoja ili meza ionekane safi.

RAM iliyokaa tupu haikuharakishii chochote. Windows huijaza kwa makusudi, na tangu Windows 10 hubana kurasa zisizotumika ndani ya RAM yenyewe kabla ya kuzipeleka diskini. Ndiyo namba ya Compressed unayoiona kwenye mabano kando ya In use. Unachotaka ni Available isiyopungua MB 500 hadi 800 ukiwa kazini. Ikibaki hapo, iache.

Memory iko sawa, Disk iko 100

Bofya safu ya Disk uone nani yuko juu. Windows Modules Installer Worker ni masasisho. Chomeka chaja na uache kompyuta ikae saa moja au mbili, kwani kuizima katikati kutafanya kazi ianze upya kesho. Service Host: SysMain ni huduma inayopakia mapema programu unazopenda. Kwenye SSD haina tatizo. Kwenye diski ya kuzunguka yenye GB 4 inaweza kuisumbua diski bila faida, na unaweza kuijaribu: services.msc, SysMain, Stop, kisha Startup type iwe Disabled. Baada ya siku mbili kama huoni tofauti, irudishe Automatic.

Halafu tazama Average response time kwenye Performance, Disk. Diski ya kuzunguka yenye afya hukaa makumi ya milisekunde, na ikilemewa hupanda mamia. Ukiona maelfu wakati kasi ya kusoma ni chini ya MB 1 kwa sekunde, diski inaelekea kufa. CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, itaonyesha Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count, yaani hesabu za sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa; rangi ya njano na neno Caution vikitokea, acha kila kitu. Nakili data yako kwenye diski ya nje leo, ndipo uendelee na utafiti. Usijaribu kuipanga upya (defragment) wala kuendesha chkdsk, amri ya kukagua diski, kabla ya nakala, kwa sababu zote mbili huichosha diski ambayo huenda imebakiwa na saa chache.

Yote yako chini, bado inajikongoja

Performance, CPU: linganisha Speed na Base speed wakati kompyuta ina kazi. Prosesa ya GHz 2.4 iliyoganda kwenye 0.8 au chini imebanwa. Sababu ya kwanza ni joto: vumbi limeziba feni, au dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupoozea imekauka. Ya pili ni chaja. Laptopu za Dell huitambua chaja kupitia pini ya katikati. Ikikatika, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine hupunguza kasi ya prosesa na mara nyingi hukataa kuchaji betri. Chomoa chaja uone kama kasi inapanda ukiwa kwenye betri. RAM yoyote utakayoongeza hapa haitabadili kitu.

Umeongeza RAM lakini haionekani yote

Settings, System, About. Ukisoma kwamba iliyosakinishwa ni 8.00 GB lakini inayotumika ni karibu 3.4, tazama System type. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa. Ikisomeka 32-bit operating system, x64-based processor, prosesa inaweza ila mfumo hauwezi; lazima kusakinisha upya Windows ya biti 64, na njia hiyo hufuta programu zako, kwa hiyo nakala kwanza. Kama mfumo ni wa biti 64, fungua msconfig, Boot, Advanced options, na uondoe tiki kwenye Maximum memory. Mashine za AMD hutenga RAM ya grafiki, kuanzia MB 512 hadi GB 2 kulingana na BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Humo tafuta UMA Frame Buffer Size. Hakuna kati ya haya? Huenda kipande cha RAM hakijakaa vizuri.

Kununua na kufunga RAM

Mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka, akiwa na fedha ya kitu kimoja, anunue SSD kwanza. Inapunguza kungoja kwa kila aina, pamoja na kule kunakotokana na RAM kujaa. Asiyefuata mpangilio huu ni yule ambaye kila siku Committed yake hufika zaidi ya maradufu ya RAM aliyonayo. Huyo aanze na RAM.

Kabla ya kwenda dukani, Performance, Memory inaonyesha Slots used, yaani nafasi za RAM zilizojazwa. Lakini aina ndiyo inayowaangusha wengi. HP EliteBook 840 G1 na G2 hutumia DDR3L. G3 hutumia DDR4. Lenovo ThinkPad X240 na X250 zina nafasi moja tu, kwa hiyo kuongeza ni kubadilisha. DDR3L ni ya volti 1.35 na DDR3 ya kawaida ni 1.5, zina pini 204 zote na zinaingia nafasi ileile, ila laptopu inayotaka DDR3L inaweza kukataa kuwaka ukiipa ya kawaida. DDR4 ya laptopu ina pini 260 na ni ya volti 1.2. Soma kibandiko cha kipande kilichomo: PC3L-12800 ni DDR3L ya 1600, PC4 ni DDR4. Kuchanganya GB 4 na 8 kunakubalika; kasi mbili tofauti zikikutana, zote hufuata ya chini.

Zima kikamilifu, chomoa chaja, toa betri au uchomoe waya wake ikiwa ya ndani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika kipande, na ukishike pembeni. Kiingize kikiwa kimeinama nyuzi 30 hivi, ukisukume mpaka pini za dhahabu zisionekane, ndipo ukilaze hadi vibanio viwili vibane. Kosa la kawaida ni kukilaza kabla hakijaingia vya kutosha. Vibanio hubana, lakini mashine hutoa mlio au skrini hubaki nyeusi. Mara ya kwanza ngoja dakika moja nzima, kwa sababu BIOS hupima RAM mpya. Ikishindikana, futa pini kwa ufutio laini, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, ubadilishe nafasi, ujaribu kipande kimoja kimoja.

RAM iliyotumika ipimwe siku hiyohiyo, kabla muda wa kuirudisha dukani haujaisha. Kitufe cha Windows na R, mdsched.exe, Restart now. Matokeo hutokea ukiingia tena. MemTest86 kutoka kwenye flashi hupima kwa undani zaidi na inaweza kuchukua saa kadhaa. Kosa moja tu likionekana linatosha kuirudisha, maana RAM yenye kosa moja inaweza kuharibu faili unalolihifadhi bila kutoa ujumbe wowote.

Laptopu ndogo za eMMC (hifadhi iliyochomelewa badala ya diski) ya GB 32 au 64 zenye RAM ya GB 2 au 4 iliyochomelewa kwenye ubao mama haziongezeki. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizifai. Linux Mint yenye Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, huhitaji GB 2 na hupendekezwa GB 4. Ijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kuisakinisha, uhakikishe Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi.